Jumbe Hataki Kula

Mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya karibu na Mgori, watu walinicheka kwamba mke wa Simeoni anaongea na kobe. Hawakunisingizia. Niliongea naye asubuhi, niliongea naye jioni, na siku nyingine tuligombana. Ila sababu hawakuijua, na mimi si mtu wa kumweleza kila mpita njia mambo ya nyumbani kwangu.

Sababu ilikuwa baba mkwe. Jina lake ni Damiani. Hapa naliandika, lakini mdomoni mwangu halijawahi kupita, maana mimi ni Mnyiramba wa Iguguno niliyelelewa kwa adabu, na huku Unyaturu nilikoolewa nilikuta heshima ni ile ile: baba wa mume wako unamwamkia, hupigi naye soga. Kila asubuhi nilipiga goti, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba," akiangalia pembeni, na mazungumzo yetu ya siku nzima yakaishia hapo. Mengine yote yalipita kwa mama mkwe, Marietha. Paa likivuja nilimwambia Marietha. Mzee akitaka kuniuliza kama kuni zinatosha, alimwuliza Marietha, nami nimesimama pale pale nasikia.

"Nyie wawili mtaniua kwa kunibebesha maneno yenu," Marietha alikuwa akisema, na kicheko juu.

Akafa kweli, lakini kwa homa, si kwa maneno. Tulimzika nyuma ya nyumba. Simeoni, mume wangu, wakati huo alikuwa kusini kwenye kazi ya reli mpya ya kwenda Zambia. Alikuja kuzika, akakaa matanga, akarudi kazini. Nikabaki na mzee ndani ya tembe moja ya paa la udongo, shikamoo na marahaba tu. Sisi wawili na kobe.

Kobe alikuwa mali ya Marietha. Alimwokota msituni akikata kuni, mwaka aliomzaa Simeoni, akamwita Jumbe. Alisema jina linamfaa kwa sababu anakaa katikati ya uwanja, hafanyi kazi, na kila anayepita sharti ampe kitu. Uhuru ukaja, majumbe wakafutwa kazi nchi nzima, lakini huyu wetu akabaki na cheo chake. Kila mwaka mavuno yakishaingia ghalani alikuwa anatoweka, na mvua za kwanza zikinyesha unamkuta uwanjani, shingo nje, anadai maua ya maboga. Marietha alisema Jumbe amekwenda safari kukusanya kodi. Sisi tuliamini hivyo hivyo kwamba anakwenda porini kutafuta majani, anarudi. Nani angemfuata kobe kumpeleleza?

Basi siku moja baada ya matanga, paa lilikuwa limevuja usiku kucha kwenye kona yangu, na mzee amekaa kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe. Sikuwa na mtu wa kumtuma. Hasira zikanipanda, nikamgeukia kobe. "Jumbe," nikasema kwa sauti, "kitanda changu kimelowa. Mwambie mwenye nyumba hii paa linataka udongo." Nikaondoka haraka kwenda kisimani.

Niliporudi, mzee alikuwa juu ya paa. Alipomaliza kushindilia udongo alishuka, akanawa mikono, akamwinamia yule mnyama. "Jumbe, mwambie mkwe wangu leo atalala pakavu."

Tangu siku ile tukapata mjumbe. Jumbe, mwambie baba uji upo. Jumbe, mwambie mkwe wangu ng'ombe mwekundu ana kidonda, asimpeleke kwenye majani marefu. Na mimba yangu ya kwanza ilipotoka, nikawa nimelala ukutani sitaki kuona mtu, nilimsikia nje kwenye uwanja akisema polepole, muda mrefu, kwa kobe: "Mwambie asibebe maji. Nimeongea na jirani Klara, punda wake atatuletea. Mwambie na Marietha lilimpata, mara mbili, kabla ya Simeoni. Mwambie asidhani ni yeye peke yake." Baba yangu mzazi hakuwahi kuniambia maneno ya namna ile. Nilimpenda yule mzee kuanzia siku ile, na sikuwa na njia ya kumwambia, kwa kuwa yapo mambo ambayo hata kwa kobe huwezi kuyapitisha.

Kujua tabia za Jumbe ikawa sehemu ya kazi zangu. Shingo ikiwa ndefu na macho maangavu, roho yake nyeupe. Akivuta kichwa na kupuliza pumzi kwa sauti kama ya nyoka, umemuudhi, mwache. Akigonga mlango kwa gamba lake anataka umsogeze kigae chake cha maji. Mzee naye alikuwa na tafsiri zake, na tulibishana kupitia kwa mwenyewe anayebishaniwa. "Jumbe, mwambie mkwe wangu hapo hujakasirika, una joto." "Jumbe, mwambie baba kama ni joto mbona umenipulizia mimi peke yangu?"

Kisha ikaja amri ya kuhama. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikavu na upepo wa Singida unaopasua midomo. Lori lilikuja na viongozi, tukaambiwa kila kaya ihamie kijiji kipya, kando ya barabara, kwenye shule na zahanati zitakazojengwa. Sisemi kwamba shule ni mbaya. Nasema tu kwamba paa la nyumba yetu lilishushwa miti yake asubuhi moja, na mzee alisimama akitazama miti ile inapakiwa, kisha akachukua jembe akaenda kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi. Alisema udongo wa huko chini haujawahi kula mavi ya ng'ombe hata siku moja, lazima twende na chakula chake.

Alichimba kidogo, jembe likagonga kitu. Ko! Akaingiza mkono, akamtoa Jumbe.

Tulistaajabu. Mwezi wa nane Jumbe huwa safarini, na mwaka ule alikuwa ametoweka kama kawaida yake. Mzee alimshika kifuani kwa mikono miwili, gamba limejaa samadi, na machozi yakamtoka mbele ya viongozi. "Amejua tunahama," alisema. "Amekatisha safari yake akaja kutungoja." Hata dereva wa lori alitikisa kichwa. Nami niliamini kabisa, nikaenda naye magotini kwangu njia nzima.

Kijijini tulipewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba, ardhi nyekundu ngumu iliyofagiliwa ikafagilika. Tukajenga kibanda, tukazungushia ua wa miiba. Nikamweka Jumbe uwanjani na majani ya kunde mbele yake. Alivuta kichwa ndani, akapuliza.

Kesho yake vile vile. Hakula, hakunywa. Alianza kutembea kando ya ua, upande wa msituni, upande tuliotoka, huku na huku, bega likikwaruza miiba. Alisimama kwenye kona, akachimba kwa kucha, akashindwa, akaendelea na matembezi. Usiombe kusikia ile sauti ya kucha juu ya ardhi ngumu, unaosha vyombo nayo inakukwaruza moyoni.

Kila jirani akawa mkalimani. Mmoja alisema anasikia kiu ya kisima cha zamani. Mwingine alisema ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria, na kwa kuwa huyu ni Jumbe, tujihadhari, anarudisha kodi ya kichwa. Klara, jirani yetu wa kule na wa huku, aliniletea papai lililoiva. "Dorkas, mpe hili. Hata mgonjwa wa kufa analikubali." Jumbe alilipanda papai, akalikanyaga, akaenda zake kwenye ua.

Mzee hakuhitaji mkalimani. Alikaa kwenye kigoda chake akimtazama kutwa. "Anakwenda kwa mwenyewe," alisema siku moja, bila kumlenga yeyote. "Marietha yuko kule peke yake. Sisi wenye miguu mirefu tumekubali, huyu wa miguu mifupi amekataa."

Jioni ile nilipoweka chakula, alikisogeza pembeni. "Jumbe, mwambie mkwe wangu aondoe sahani. Mimi na wewe njaa yetu ni moja."

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Alikunywa maji na uji kidogo, basi. Mashavu yakaingia ndani, suruali akaifunga kwa kamba. Nilibembeleza, nilitisha, yote kupitia kwa mnyama ambaye mwenyewe hali. "Jumbe, mwambie baba Simeoni akirudi atanikuta na kaburi la pili, nitamjibu nini?" Mzee alimjibu Jumbe kwamba Simeoni ni mtu mzima. Na kisimani wanawake walianza kunitazama kwa pembe ya jicho. Mkwe wa kutoka Iramba, mume yuko mbali, mzee anakonda. Najua walichokisema. Lakini sikuogopa midomo yao kama nilivyoogopa kigoda kile kubaki kitupu.

Nikaona Jumbe ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Akila yeye, mzee atakula. Nikawaza kilichobadilika. Huku alikuwa anawekewa maji kwenye sahani ya bati. Kule alikuwa na kigae chake cha chungu, kilichokaa kizingitini miaka na miaka, nacho tulikisahau. Huenda ni hicho! Mtu mzima na chombo chake. Kurudi kwenye mahame kulikuwa kumekatazwa, viongozi waliogopa watu watanogewa wakae huko, lakini samadi tuliruhusiwa kufuata. Nikaazima punda wa Klara na magunia, nikamwamkia mzee, nikaondoka bila kumtuma kobe neno lolote.

Nyumba niliikuta haina paa, kuta zimesimama na jua limeingia mpaka jikoni kwangu. Sikutaka kuangalia sana. Kigae nilikipata kizingitini, kimepasuka vipande, nadhani siku ile ya lori. Nikakaa chini nikalia kwa ajili ya kigae. Nilipomaliza kulia nikaenda nyuma kwa Marietha, nikafagia kaburi lake kwa matawi, nikamsalimia, nikamwomba radhi kwa kuwa mumewe anataka kumfuata na mimi sijui kumzuia.

Kisha nikashika jembe, angalau punda asirudi mtupu. Kwenye lundo la samadi nikaona lile shimo alimotolewa Jumbe. Nilipiga jembe ukingoni, udongo ukaporomoka, na kwa ndani nikaona kitu kilichonifanya nipige magoti.

Kilikuwa chumba. Nakwambia chumba, si shimo tu. Kuta zake zilikuwa laini, nyeusi, zimesuguliwa mpaka zinang'aa, na umbo lake lilikuwa umbo la gamba la Jumbe kabisa, juu duara, chini bapa. Nilipoingiza mkono kulikuwa na vuguvugu, ingawa nje upepo ulikuwa unauma. Na kwenye sakafu yake kulikuwa na maganda ya mbegu za maboga ya miaka mingi, yamekauka, yamepondeka. Mahali hapa hapakuchimbwa mwaka huu wala mwaka jana. Mtu alikuwa amelala hapa kiangazi baada ya kiangazi.

Nikakumbuka kodi. Nikakumbuka safari za Jumbe. Kobe hakuwahi kusafiri hata hatua moja kupita lundo lile. Mavuno yakiisha aliingia humu akalala mpaka mvua imwamshe, na sisi, kwa mapenzi yetu, tulikuwa tumemfukua katikati ya usingizi, tukamweka kwenye ardhi ya mawe, tukamsukumia papai mdomoni. Hakuwa na msiba. Alikuwa na usingizi! Mimi mwenyewe ukiniamsha kabla ya wakati nitapuliza kuliko yeye.

Nilicheka peke yangu pale mahameni mpaka punda akasimamisha masikio. Nikajaza magunia.

Jioni nilimwaga samadi yote kwenye kona ya ua, ile kona aliyokuwa akiichimba. Mzee aliangalia kutoka kwenye kigoda. Nilimchukua Jumbe, nikamtua mbele ya lundo, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Jumbe, utusamehe. Kumbe safari zote zile ulikuwa kwenye samadi, umelala. Tumekuona ukitafuta kitanda, tukadhani unatafuta watu." Nikaeleza chumba, kuta, mbegu. Nilieleza kwa furaha, mimi mjinga, sikumtazama mzee usoni.

Jumbe alinyoosha shingo. Akanusa. Kisha akaingiza kichwa kwenye samadi, akaanza kusukuma kwa miguu ya mbele, mmoja, mwingine, bila haraka, kama mtu aliyefika kwake. Samadi ikamfunika nusu, ikamfunika yote. Lundo likatikisika kidogo, likatulia.

"Kwa hiyo hakuwa anamwendea," mzee alisema.

Hakulisema kwa hasira. Aliinuka, akaingia ndani, na hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia. Wiki zote zile alikuwa na mwenzake wa kuomboleza, kiumbe mmoja duniani aliyekataa kumwacha Marietha, nami nimekuja na gunia la mavi kumwambia mwenzake alikuwa anasinzia.

Asubuhi alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Antipasi, mtu mwema mwenye sauti kubwa. "Ndugu Dorkas, nyumba zimepangwa mstari, kiwanja kinatakiwa kiwe safi, na wewe umeweka mlima wa mavi."

"Ndugu balozi, humo amelala Jumbe."

"Majumbe walishafutwa."

"Basi huyu hakupata habari. Ngoja mvua, akiamka umweleze mwenyewe."

Antipasi alicheka mpaka akashika ua wa miiba, akajichoma, akaenda zake. Siku nyingine mzee angemwambia kobe kwamba mkwe wake ana ulimi. Safari hii hakusema kitu. Na ningemwambia nani kwamba nasikitika? Mjumbe wetu alikuwa chini ya samadi mpaka mvua, miezi mizima. Nilimtibu kobe, nikajikatia daraja. Tulibaki na shikamoo na marahaba, na marahaba yenyewe ilikuwa inazidi kupungua sauti. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Nikaona waziwazi kwamba ataisha hivyo hivyo, kwa adabu, pembeni ya ukuta, mimi nikiwa nimepiga goti.

Siku moja jua likiwa linashuka nilipeleka ugali wa uwele na mlenda, nikaweka mbele ya kigoda, nikafungua mdomo kwa mazoea. "Jumbe, mwambie..." Hakukuwa na Jumbe. Nilipaswa kuinuka niende. Goti langu lilikataa.

"Baba," nilisema. Nilikuwa nimeinamisha uso, natazama vidole vya miguu yake. "Baba, siku ile ya samadi nilifika kwa mama. Nilifagia. Nilikaa naye."

Nilingoja kufukuzwa. Kama mama yangu wa Iguguno angenisikia angejifunika kanga kwa aibu.

"Mchwa walikuwa wamepanda?" Sauti yake ilikuwa inakwaruza, na hakukuwa na jina la Jumbe mbele ya swali.

"Upande wa miguuni, kidogo. Nilibomoa kwa jembe, nikamwagia majivu."

"Uliwafuata mpaka chini?"

"Mpaka chini, baba. Na sitaacha kwenda. Kila samadi ikifuatwa, mimi nitakwenda kwake. Ila na wewe usiniachie nyumba hii. Mimi sina mwingine huku."

Kisha nikasikia maji yanamwagika, ananawa. Akamega tonge, akachovya, akatafuna polepole, akameza. Akamega jingine. Nilibaki nimeinama, naogopa hata kupepesa macho.

"Mlenda huu hauna chumvi," alisema.

Niliinua uso bila kutaka. Alikuwa ananitazama mimi, machoni, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Tangu tuje huku hauna chumvi."

"Na muda wote huo baba umenyamaza!" Maneno yalinitoka kabla sijayashika.

"Sasa jambo la aibu namna hiyo," alisema, akimega tena, "ningemtuma kobe?"

Nikaenda jikoni kuchukua chumvi. Nilikawia kule, kwa sababu ilikuwa mbele yangu na nilikuwa siioni kwa machozi.